Betri za Hoteli ya Matanga

Siku ya matanga yake, kule Columbus, Mama Prezida wa kwaya alinifuata na mikrofoni mkononi. "Mama Plamedi, na wewe sema maneno mawili juu ya Fundi. Alikupenda sana." Nikamwambia hapana. Hakunisihi, na yeye ni mwanamke wa kusihi, akitaka uimbe utaimba hata kama una kikohozi. Aligeuka tu akampa mtu mwingine mikrofoni, kwa sababu anajua vizuri kwa nini nilikataa. Basi waliokaa kwenye viti vya plastiki wakasikia habari za mzee aliyebeba watu wote bila kuchoka. Ni kweli, alitubeba. Haya ninayoandika ni yale niliyoyameza siku ile.

Tulimwita Fundi. Hata mke wake alimwita Fundi. Kanisani alikuwa shemasi. Kazini, kwenye ghala moja Hilliard, pembeni mwa Columbus, alikuwa mtu wa chumba cha betri, yule anayechaji zile betri kubwa za mashine za kubebea mizigo. Lakini shemasi tunao wengi na wa ghala ndio sisi sote. Fundi alikuwa mmoja.

Umaarufu wake ulitokana na motohomu yake, lile gari refu lenye kitanda nyuma, jiko katikati na choo ambacho alitukataza kabisa kukitumia. Alilinunua kwa mzungu mmoja mzee, likinuka ukungu, akalipasua ndani na kulijenga upya. Watu wa Kivu, Kongo, tumetawanyika Marekani: wengine Louisville, wengine Columbus, wengine Buffalo. Mtu akifa Buffalo, watu wa Louisville wanatoka kazini na viatu vya kazi miguuni, wanatafuta nani ana gari na nani ana nafasi. Wenye watoto wadogo walikuwa wanabaki. Fundi akasema hakuna mama atakayebaki nyumbani kulilia simu. Akaanza kutubeba. Ndipo vijana wakalipa gari jina, Hoteli ya Matanga. Alilikasirikia jina hilo kwa wiki kadhaa, kisha nikamsikia akilitumia mwenyewe kwenye simu: "Bon, Hoteli inapita kwako saa ine, muwe tayari na batoto."

Mikono yake ilikuwa mikavu, yenye nyufa, na vidole vifupi visivyotetemeka. Kabla ya kugusa betri alivua saa, kisha pete ya ndoa, na pete hiyo aliiweka mdomoni, shavuni, kama pipi. Kwa hiyo masomo yake yote ya umeme niliyasikia kwa sauti ya mtu anayemung'unya. Spana yake aliizungushia utepe mweusi mpaka karibu na meno, ili ikidondoka isiunganishe vichwa viwili vya betri. Mwanamke akisogea na bangili mkononi, alimfukuza.

"Donc, mama, unataka kuchoma mukono juu ya urembo?"

"Fundi, hii ni ya plastiki."

"Na akili yako je? Rudi nyuma."

Alipenda kufundisha, hasa akiwa na watu wa kumcheka. Alinyanyua ubao wa chini ya kitanda, akatuita wanawake tuone. Betri moja, alisema, ilikuwa mbele, ya kuwasha injini. Zile mbili za chini ya kitanda aliziita betri za nyumba: taa, friji ndogo, pampu ya maji, feni ya hita. "Ya injini ikikufa, munasukuma gari. Za nyumba zikikufa, munakaa giza na maziwa ya mutoto inaharibika."

"Na choo, Fundi, iko kwa betri gani?"

"Choo iko kwa betri ya mwenye gari."

Tulicheka. Yeye hakucheka, alikuwa na pete mdomoni.

Alichokuwa anakihubiri kuliko kitu chochote ni kukaza. Betri moja ina uzito wa mtoto mnene, alisema, na gari likipiga breki betri hiyo haijui kuwa safari imesimama. Alizipachika kwenye sahani ya chuma aliyoipiga bolti sakafuni, kisha mikanda miwili ya manjano, ile yenye mkono wa chuma unaokazwa kek kek kek. Alishika betri kwa mikono miwili akaitikisa, na gari lote likatikisika pamoja nayo. "Hivi," alisema. "Ukitikisa betri, gari itikisike. Kama betri inatikisika yenyewe, hujafanya kitu." Waya mwekundu, wa chanya ambao sisi tunauita plisi, ulipita kwenye fyuzi karibu kabisa na kichwa cha betri. Waya mweusi, wa hasi, yaani masi, ulienda kwenye chesisi. Pembeni, kwenye ukuta, palikuwa na swichi kubwa nyekundu ya kukata umeme wote wa nyumba. Mimi niliishia sekondari, tena nikiwa mjamzito mwaka wa mwisho, lakini nilielewa kila kitu. Hiyo ndiyo sifa nampa bila kinyongo: aliyafanya mambo yaeleweke.

Kinyongo kinaanzia kwenye neno.

Sisi watu wa Kivu neno tunalo moja. Tunafunga mlango. Tunafunga mbuzi. Tunafunga mtoto mgongoni. Na taa pia tunaifunga, redio tunaifunga, televisheni tunaifunga. Watanzania wa kanisani wanatucheka, wao wanazima. "Mnafunga taa na kamba gani?" wanatuuliza. Na kula tunafunga vilevile, kwa ajili ya maombi, na hapo Fundi alikuwa na utani wake. Kwenye matanga akiletewa sahani ya samaki aliinua mkono: "Asante, mimi nafunga." Watu wakamheshimu. Mara moja nilinyanyua ubao wa kitanda kutafuta tochi, nikakuta maandazi yamefungwa kwenye gazeti, yamelala kati ya betri na ukuta. Nikamwonyesha.

"Papa Fundi, hii ndiyo kufunga kwako?"

"Si umeona yamefungwa?" akasema, akachukua moja akala mbele yangu.

Nilimpenda siku hiyo. Nasema ukweli.

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakulia kwenye msiba wowote, lakini alijua jina la kila marehemu ambaye alitupeleka kumzika, na akipita mji fulani barabarani alilitaja, peke yake, kwa sauti ya chini, huku mkono uko kwenye usukani. Kwa watoto wa wengine alikuwa na subira ya ajabu. Kwa wanawe hakuwa na maneno, aliwapigia simu kuwauliza kama wamebadilisha oili. Akikosea njia hakurudi nyuma, alisema anatuonyesha mji. Tulizunguka Cincinnati yote siku moja tunaonyeshwa mji, na mazishi yanatusubiri Columbus, na hakuna aliyethubutu kumwambia geuza. Nilidhani ni ucheshi. Sasa najua ilikuwa tabia. Yule mzee hakuwa na uwezo wa kutoa mdomoni neno nimekosea. Pete aliweza kuitoa, hilo neno hapana.

Siku yenyewe tulikuwa tunatoka Louisville asubuhi, kwenda matanga Columbus. Plamedi alikuwa na miaka mitatu, ana mafua, amelalia bega langu. Wanawake walikuwa wameleta sufuria kubwa za kupikia ugali wa msiba, hazikuingia ndani, Fundi akazipandisha nyuma kwenye ngazi ya gari. Mimi nilikuwa wa mwisho kupanda. Na kwa sababu nilikuwa mwanafunzi wake mzuri, nilimuuliza.

"Papa Fundi, betri umefunga?"

"Nilisha kufunga, binti yangu. Panda. Laza mutoto pale nyuma kwa kitanda, pale kuko joto."

Nikamlaza.

Kabla ya daraja la Cincinnati barabara inashuka mlimani kwa kona ndefu, na malori yanashuka pamoja nawe pande zote. Lori la mbele likapiga breki. Fundi akapiga breki. Nikasikia kitu kizito kinatembea chini ya kitanda, kama mtu anavuta kabati, halafu mlio, halafu harufu ya yai bovu na moshi. Betri ilikuwa imeteleza, kichwa chake kikagusa mguu wa chuma wa kitanda, ikapasuka. Asidi ikaruka kupitia ufa wa ubao. Mwanangu hakulia mara moja. Alinitazama kwanza.

Nilimshika nikakimbilia sinki, nikabonyeza pampu. Maji hayakuja. Umeme wa nyumba ulikuwa umekatwa, swichi nyekundu imeelekea chini. Yaani alikuwa amefunga kweli. Nilimuosha mguu kwa maji ya chupa, yale ya kuwapa wafiwa, wanawake wakinifungulia chupa moja baada ya nyingine huku gari likisogea pembeni, na Mama Prezida akiita jina la Yesu sikioni mwangu bila kufungua hata chupa moja.

Tuliposhuka, wakati wa kusubiri ambulansi, niliona. Sufuria nyuma ya gari zilikuwa zimekazwa vizuri sana. Kwa mikanda miwili ya manjano.

Alikuwa ameitoa kwenye betri akafungia sufuria. Mimi nilimuuliza kama amezikaza, yeye akanijibu kwamba amezima. Labda alisikia hivyo kweli. Labda. Miaka yote nimegeuza neno lile, upande huu na upande ule, na kuna siku namwachia. Lakini mikanda aliitoa kwa mikono yake, na alijua iko wapi wakati ananiambia mlaze mtoto pale. Na hata kama swichi imezimwa, vichwa vya betri vina umeme wake palepale, hilo yeye ndiye aliyenifundisha. Aliniona naitazama mikanda. Akaitazama na yeye. Kisha akaenda kuongea na polisi.

Plamedi alitibiwa, mguu ulipona, ukabaki na kovu kutoka goti hadi karibu na kifundo, linalong'aa kama karatasi ya nailoni. Na ilipofika Jumapili ya pili habari ilikuwa imeshapikwa na kuiva: Mama Plamedi alimlaza mtoto juu ya betri. Mama gani analaza mtoto juu ya betri? Yuko kwa simu tu. Wasichana wa siku hizi. Mama Prezida ndiye alikuwa anaigawa, kwa upole, kama anayeniombea. Mama mkwe wangu aliipokea Buffalo kabla mimi sijafika nyumbani. Baba Plamedi aliniuliza swali moja, "Kwa nini hukumshika mapajani?" na tangu siku hiyo kila tulipogombana, hata juu ya chumvi, tuligombana juu ya swali hilo, mpaka akahamia kwa mama yake.

Nilimngoja Fundi aseme. Alikuwa shemasi, alikuwa na mikrofoni kila Jumapili aliyokuja Louisville. Siku aliyoishika aliomba kwa ajili ya mguu wa Plamedi, ombi refu, zuri, watu walilia. Akamalizia hivi: "Na Bwana, utusamehe sisi wazazi ambao hatuangalie batoto." Vichwa vyote vikanigeukia. Nilitoka nje nikakaa kwenye gari la jirani mpaka ibada ikaisha.

Na hapo ndipo mtu huyu ananichosha, maana asingekuwa mwema ningeshamaliza naye. Kila akipita Louisville alisimama kwangu. Hita ya gari langu, aliitengeneza. Mlango wa friji, ule uliokataa kushika, aliutengeneza. Alimletea Plamedi koti la baridi, mwaka kwa mwaka, saizi sahihi, bila kuuliza. Kwenye Hoteli aliweka vyuma vipya juu ya betri, na mikanda minne mahali pa miwili, na vifuniko vya mpira kwenye kila kichwa, na sanduku la plastiki lenye bomba la kutolea hewa nje. Mtoto hakulala tena nyuma, alipiga marufuku, kila mtoto mkanda na kiti. Na akabadilisha maneno. Hakuna aliyeruhusiwa kusema kufunga ndani ya gari lile. "Sema umekaza ao sema umezima. Funga muache kwa mulango." Wanawake walidhani ni uzee umeanza. Wakamwigiza wakicheka: Fundi, umekaza? Fundi, umezima? Mimi sikucheka. Mtu hatengi maneno mawili namna hiyo bila kujua ni wapi yaligongana.

Nilimwambia mara moja, jikoni kwangu, akiwa amepiga magoti nyuma ya friji.

"Papa Fundi, sema tu. Kanisani. Neno moja."

Alikuwa na pete mdomoni. Akanyoosha mkono, akasema, "Pitisha ile bisibisi." Nikampa. Ningemchoma nayo.

Mara ya mwisho nilimwona Lackawanna, pembeni mwa Buffalo. Alikuwa ameacha kazi Hilliard, figo zimekufa, mwanawe amemchukua, anapelekwa kusafishwa damu siku ndiyo siku hapana. Alinipigia mwenyewe. "Mama Plamedi, kesho kutwa wanakuja kuvuta Hoteli kuipeleka kwa vyuma. Kuja unisaidie kutoa betri. Kuja na mutoto."

"Una vijana watatu nyumbani, Papa Fundi."

"Hawajue."

Nilipanda basi na Plamedi, tukapitia Columbus, tukafika Buffalo na theluji inayopiga kwa ubavu kutoka ziwani. Hoteli ilikuwa nyuma ya nyumba ya mwanawe, magurudumu yamezama. Ndani baridi kuliko nje. Fundi alikaa kwenye kiti cha meza na makoti mawili, mikono imevimba, pete haipo, nadhani walimkatia. Plamedi akakaa mbele yake na simu yake, kofia mpaka kwenye nyusi. Alikuwa amefikisha miaka tisa.

Nikavua saa. Nikavua bangili. Nikanyanyua ubao. Betri zilikuwa zimekazwa hivi kwamba nilipozishika kuzitikisa, gari zima liliyumba na Plamedi akaangalia juu.

"Swichi kwanza," akasema Fundi.

"Nimezima."

"Toa masi. Mweusi."

Nikalegeza nati ya masi, nikautoa waya, nikauweka mbali. Nilipoinua kichwa alikuwa anamtazama mtoto.

"Plamedi. Mugulu inauma bado?"

Akajibu kwa Kiingereza kwamba hapana, unawasha tu kukiwa na baridi.

"Ile siku," akasema Fundi, "mi nilifunga. Lakini sikukaza. Mikanda niliitoa." Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso wake kusogea, kama bomba linalovuja.

Plamedi akanigeukia. Kiswahili chake ni cha jikoni, cha njoo na kula na acha. Akaniuliza babu anasema nini na kwa nini analia. Nikamtafsiria. Kiingereza hakina pa kujificha katika jambo hili, kuzima ni neno lake na kufunga kwa mkanda ni neno lake. Nikamwambia: alizima umeme, lakini hakuifunga betri kwa mkanda, mkanda alikuwa ameutoa.

Mtoto alifikiri. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Kwa hiyo siyo wewe?"

Nilikuwa sijui. Sikuwahi kumhadithia. Habari ile ya kanisa alikuwa ameipata kwenye shule ya Jumapili, kwa watoto wenzake, amekaa nayo miaka yote ananipa shavu nimbusu kila asubuhi na anajua mama yake ndiye aliyemchoma mguu.

Nilichukua simu nikampigia Mama Prezida, nikaweka sauti ya nje, nikaiweka mezani mbele ya Fundi. "Rudia," nikamwambia. "Kwake."

"Allo?" Mama Prezida akaita. "Allo? Mama Plamedi?"

Fundi akaitazama simu. Akalamba midomo. "Mama Prezida, ni mimi Fundi. Niko nakusalimia tu."

"Oh, Fundi wetu! Tunakuombea!"

Nilikuwa nimeshika spana. Sijui ningefanya nini. Plamedi akainama juu ya meza, akasema kwenye simu, kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusoma darasani, kwamba babu hakuifunga betri.

"Ule mutoto anasema nini?" Mama Prezida akauliza. Kiingereza chake kinaishia kwenye mlango wa ghala. "Fundi, anasema nini?"

Upepo ulikuwa unasukuma gari. Fundi alifumba macho.

"Anasema," akaanza, akakohoa, akaanza tena. "Anasema Fundi hakukaza betri. Anasema mama yake hakuwa na kosa."

Hilo la pili mtoto hakulisema. Aliliongeza mwenyewe.

Kisha Mama Prezida akasema, "Na huko kwenu theluji iko mingi?"

Nikakata. Fundi alikuwa amefungua macho, ananiangalia mikono, kama zamani, kuona kama nimevua kila chuma.

"Bon," akasema. "Toa sasa ya plisi."